Msimu wa embe na mabibo kwenye mgahawa wa Kigujarati, Mtwara mjini

Ukiingia kwenye mgahawa huu kati ya Novemba na Januari, acha vyakula vya kawaida. Dengu na chapati zipo mwaka mzima. Omba ile karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye vyakula vya matunda tu, kwa sababu mimi hiyo ndiyo iliyonirudisha pale, tena safari hii nikiwa na familia.

Mgahawa ni wa familia, meza chache, hakuna nyama wala samaki. Karatasi yao inafuata soko: kilichofika wiki hii kinaandikwa, kilichokwisha kinafutwa. Nimeshakaa kwenye hoteli nikaletewa juisi ya embe mwezi wa Juni, imetoka kwenye boksi, bei ya embe halisi. Hapa Juni ukiuliza embe unaambiwa halipo, subiri.

Kitu cha kwanza kuagiza ni ras-puri. Ras ni maembe mabivu yaliyokamuliwa na kupigwapigwa mpaka yawe rojo zito, linaletwa baridi kwenye bakuli. Puri, vimikate vya unga wa ngano, zinakuja zimevimba, za moto kutoka kwenye mafuta. Unamega, unachovya, unakula, na pembeni kuna viazi vya bizari vya kukata utamu. Mume wangu alisita kidogo kuona embe linaliwa kama mchuzi. Puri ya pili hakuuliza tena. Juu ya rojo wananyunyiza unga wa tangawizi kavu na kijiko cha samli, na mama mwenye mgahawa, nilipomwamkia na kumwuliza sababu, alinieleza kwamba embe tupu likiwa jingi linajaza tumbo gesi, tangawizi ndiyo inayolituliza. Nimeanza kufanya hivyo nyumbani.

Kwao Gujarat, magharibi mwa India, embe hukolea Aprili mpaka Juni, wakati wa joto kali kabla ya mvua za monsuni, na embe wanalolisifia zaidi ni Kesar, linalolimwa sana upande wa Junagadh. Huku kwetu ras inaliwa wakati kaskazi inavuma. Ni upepo uleule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Kachchh na kwingineko Gujarat kuja pwani hii, na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi bado unaziona Mikindani. Kesar hawaagizi. Wanatumia dodo, na likikosekana, bolibo. Kwa ulimi wangu dodo linashinda: rojo linakuwa zito, halina nyuzi, na halihitaji sukari hata punje.

Sasa mabibo, yale matunda ya mkorosho, maana hapa ndipo nilipofurahi kuliko mahali pote.

Sisi watu wa kusini tumelelewa na korosho. Ada za shule zimetoka huko, mabati yametoka huko, na msimu ukifika mazungumzo yote ni mnada na bei ya kilo. Bibo lenyewe halizungumzwi. Korosho inanyofolewa, tunda linabaki chini ya mti, na kwa kuwa likidondoka halikai hata siku mbili kabla ya kuchacha, mengi yanaozea shambani. Tunalila tukipita, tunakamua juisi, wengine wanakausha, wengine wanatengeneza pombe. Kuliona kwenye sahani ya mgahawa, limepangwa vizuri na limeandikiwa bei, sikuwahi.

Wanalifanya vyakula viwili. Cha kwanza ni achari. Mabibo yanakatwa vipande, yanalowekwa kwenye maji ya chumvi ili ukakasi upungue, kisha yanatiwa haradali, uwatu, pilipili na mafuta ya ufuta. Ufuta wa Lindi uko jirani tu, na mafuta yake yanaibeba achari hii kwa namna ambayo mafuta ya alizeti yasingeweza. Unapata uchachu, utamu na ukali, halafu ukakasi kidogo sana mwishoni, kiasi cha kukukumbusha unakula bibo. Mama mkwe wangu ni mtu wa Newala, mabibo ameyaanika tangu mtoto. Alionja, akamwita dada anayehudumu, akauliza kama wanauza kwa chupa. Wanauza.

Cha pili ni mchuzi wa korosho changa, zile ambazo ganda lake bado la kijani, zimepikwa na vipande vya bibo, nazi na bizari. Nilidhani ni ubunifu wa hapa, kumbe pwani ya Konkani kule India korosho changa ni mboga ya msimu inayosubiriwa kwa hamu. Wareno waliutoa mkorosho Brazili wakaufikisha Goa na pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wao na sisi tumepewa mti mmoja. Wao walijifunza kupika na zile changa. Sisi tukaishia kusubiri ikauke tuiuze. Natamani mama lishe wa Mtwara waje waonje mchuzi huu, kwa sababu kila kilichomo kinapatikana hapahapa.

Kwa vinywaji, chukua sharubati ya embe bichi. Embe linachemshwa, linapondwa, linatiwa sukari guru, bizari nyembamba iliyokaangwa na chumvi nyeusi. Kwa jua la Desemba la mji huu sijakunywa kitu kinachokata kiu vizuri zaidi. Lassi ya embe, kinywaji cha maziwa ya mgando, siisifu. Sukari imezidi, na embe lililoiva vile halikuhitaji. Waambie mapema wasitie.

Kachumbari ya matunda nayo inahitaji kusemwa. Nanasi, papai na pera, vimenyunyiziwa chumvi nyeusi, pilipili na unga wa embe kavu, ni vitamu sana. Harufu ya chumvi nyeusi inafanana na yai la kuchemsha na wengine itawashinda. Lakini tufaha na zabibu zilizosafirishwa kutoka mbali hazina kazi kwenye sahani ile. Kama ni kuongeza, kuna stafeli, kuna fenesi, na yote yako sokoni. Nilimwambia mama mwenye mgahawa hivyohivyo kwa heshima, akacheka, akasema tufaha linawekwa kwa ajili ya wageni. Bado nadhani mgeni aliyefika mpaka Mtwara angependa zaidi fenesi.

Kuhusu kusubiri: puri zinakaangwa ukishaagiza, kwa hiyo usiende na haraka. Ras-puri na viazi ni shilingi 9,000, achari kwa chupa ndogo 5,000, mchuzi wa korosho changa 12,000, na huo unatosha watu wawili. Si bei ya chakula cha kila siku, lakini niliona inalingana na kazi iliyofanyika jikoni.

Nenda mchana, maana jioni ras mara nyingi imekwisha. Mabibo hayapo kila siku, yanategemea aliyeyaleta asubuhi kutoka shamba. Ukipiga simu saa tatu au saa nne watakuambia kama yamefika, na ukiomba wanakuwekea.