MikroTik hEX kwa kuunganisha poti mbili, mie nimeikubali

Karouta haka ka poti 5 nimekafunga gesti moja huku Paje, na nilichokuwa nakitaka hasa ni poti mbili zifanye kazi kama moja kwenda kwenye swichi, na wallahi kazi inapiga bila ya makuu. Kwenye Winbox (programu ya kuisetia MikroTik) unaingia Bonding, ndo pa kuunganisha poti, unachagua 802.3ad (mtindo wa LACP, yaani rauta na swichi zinaelewana poti zipi ziende pamoja), hapa pashike maana yenyewe inakuja na balance-rr (inagawa data kwa zamu kila waya) na ukiiacha hivo paketi, yaani vipande vya data, zinaweza kufika shaghalabaghala. Poti zitoe kwanza kwenye briji (kundi la poti zinazofanya mtandao mmoja ndani ya rauta), halafu ile bonding1, yaani poti ya pamoja uliyoiunda, ndo unairejesha ndani ya briji, na wewe uwe umeingilia poti nyengine kabisa la sivo unajifungia nje mwenyewe.

Swichi ya upande wa pili nayo lazima iwe inajua LACP, hizi za kuchomeka tu zisokuwa na setingi hazikusaidii kitu.

Ila jamani msidanganyike, giga 1 mara mbili haina maana mgeni mmoja atapata 2, faili moja analoshusha linapita waya mmoja tu, faida unaiona watu wakiwa wengi, na intaneti ya nje inabaki ile ile unayoilipia. Kilichonifurahisha zaidi ni uhakika wa mtandao kutokatika, nilichomoa kebo moja makusudi wageni wanaangalia mpira na hakuna hata aliyegeuza shingo. Kwa nyumba ya kawaida mie sikushauri, pesa hiyo kanunulie UPS (betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika).