Drawabox kwa kijana anayejiandaa na chuo cha sanaa: inafaa, ila peke yake haitoshi

Shule ikiwa haina mwalimu wa sanaa, kozi ya bure ya kuchora ya mtandaoni ya Drawabox, iliyoandaliwa na Irshad Karim, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ina masomo saba: mistari, duaradufu na maboksi kwanza, kisha mimea, wadudu, wanyama, vyombo na magari. Kulipa ni kwa anayetaka kusahihishwa rasmi tu. Maelezo yako kwa Kiingereza na ni marefu mno. Kijana mvivu wa kusoma huruka aya, na huko ndiko anakoharibu.

Vifaa ni karatasi za A4 za fotokopi na kalamu ya wino yenye ncha ya milimita 0.5. Penseli iwekwe kando, maana wino haufutiki na humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kuchora. Kwa kila mstari, aweke nukta mbili, ageuze karatasi hadi mkono ukae vizuri, apitishe kalamu hewani mara kadhaa, ndipo achore kwa mara moja, mkono ukitokea begani. Mstari ukitetemeka, ni kwa sababu anaurekebisha njiani: aongeze kasi, hata ukipita nukta. Ukipinda kama upinde, ni kwa sababu anatumia kiwiko badala ya bega.

Halafu linakuja zoezi la kuchora maboksi 250. Wengi huishia hapo, kwa kawaida kwa sababu wamechora thelathini usiku mmoja. Matano kwa siku yanatosha. Ukurasa ukijaa, kingo zote zirefushwe kwa kalamu ya rangi nyingine, kuelekea upande ulio mbali na mtazamaji. Kingo nne za mwelekeo mmoja zinapaswa kukaribiana kadiri zinavyokwenda; zikiachana, boksi limekosewa, na boksi linalofuata lisahihishe kosa hilo. Asiyerefusha anamaliza karatasi bure.

Kozi inataka pia nusu ya muda wa kuchora iwe ya kujifurahisha, kuchora chochote. Wazazi wanaopenda ratiba hufuta sehemu hii kwanza. Wasiifute.

Pengo lake ni kubwa: vivuli vya makaa ya kuchorea, rangi na mwili wa binadamu havimo. Chuo cha sanaa cha RISD (Rhode Island School of Design) cha Marekani, kwa mfano, humtaka mwombaji apeleke kazi 12 hadi 20, na kurasa za mazoezi hazihesabiki kuwa kazi. Kwa hiyo mapema tu, tuseme mwezi wa tatu tangu aanze kozi, aanze kuchora vitu vilivyo mbele yake: sufuria, kitunguu na kitambaa karibu na dirisha moja, taa zikiwa zimezimwa, kwa makaa kwenye karatasi ya A2. Afinye macho ili aone sehemu tatu tu: mwanga, kati na giza. Kosa la kawaida ni kusugua kila mahali kwa kidole mpaka picha nzima iwe kijivu.

Kama fedha zinatosha somo moja tu kwa mwezi, alipwe mchoraji wa kuzikagua kazi hizi za makaa, siyo maboksi. Apelekewe karatasi zenyewe. Picha ya simu hubadilisha giza na mwanga.