Nilivyomlipa mkandarasi binafsi akague umeme wa nyumba yetu Tanga

Nyumba ya marehemu babu iko Chumbageni, na kila aliyewahi kuishi humo ameongeza chake kwenye umeme: soketi ya friji, taa ya uani, hita ya bafuni. Sasa anaishi Mama na wajukuu. Alipoanza kusema bomba la bafuni linampiga shoti, niliamua kumtafuta mtu wa kupima, maana fundi wa kuangalia kwa macho na testa tulishawaita wengi.

Wapo wanaodhani kazi hiyo ni ya TANESCO, shirika la umeme. Shirika linahusika na laini mpaka kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, na anayeruhusiwa kuigusa ni fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Leseni zina madaraja, kwa hiyo usitosheke na jibu la "ninayo". Omba uione, usome daraja lake na tarehe ya mwisho.

Wa kwanza niliyempigia alisema atakagua bure kama nitampa na kazi ya kurekebisha. Nilikataa, na huo ndio ushauri ninaoutilia mkazo kuliko yote: anayekagua asiwe anayeuza marekebisho. Mtu anayelipwa kwa kubadilisha nyaya ataona nyaya mbovu kila chumba. Wa pili alitaka shilingi 120,000 kwa ukaguzi pekee, pamoja na ripoti ya maandishi yenye vipimo. Nikamchukua huyo.

Alipofika alimsalimia Mama, akamwomba amwelezee hitilafu zote alizowahi kuziona, hata ndogo, naye akaandika. Ndipo akafungua mein swichi. Breka zilikuwepo, RCD, kifaa cha kukata umeme unapovuja, haikuwepo. Alitueleza vizuri nikaelewa kwa mara ya kwanza: breka hulinda waya usiungue ukibebeshwa mzigo mkubwa, haimlindi mtu. Breka ya soketi ya ampea 20 haishtuki kwa umeme mdogo unaopita mwilini, na huo mdogo unatosha kuua. RCD ya miliampea 30 hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi; sehemu yake ikivujia kwingine, inakata mara moja.

Kisha akazima kila kitu, akachomoa friji na televisheni, akapima nyaya kwa mega, kifaa cha kupima kama ngozi ya waya inavujisha umeme, kwa volti 500. Kipimo hiki ndicho kilichonifanya nione thamani ya pesa yangu. Ngozi ya waya ikiwa nzima, kipimo kinatakiwa kisipungue megaomu 1, na kwa kawaida huwa juu zaidi ya hapo. Vyumba vya mbele vilikuwa salama. Saketi ya nyuma ilisoma 0.2. Alipopanda darini alikuta panya wametafuna waya, na jirani yake kiungo kilichofungwa kwa selotepu ya karatasi. Kwa macho, kutoka chini, usingejua.

Hita ya bafuni ilikuwa mbaya zaidi. Ni ya wati 5,000, yaani inavuta karibu ampea 22 kwa volti 230, lakini ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, na aliyeiunga alibadilisha breka akaweka kubwa ili isikate. Kwa hiyo waya ungeungua kabla breka haijashtuka. Eathi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, nayo ilikuwa jina tu: kibano kinachoshika waya kwenye rodi, yaani nondo iliyopigiliwa ardhini, kimeliwa na kutu, jambo la kutarajia kwa nyumba za karibu na bahari. Hiyo ndiyo iliyofanya bomba limpige Mama. Hita inavujisha, na umeme hauna pa kwenda. Mkaguzi alichomoa waya wa hita papo hapo, akamwambia, "Mama, hii msiiwashe tena hata kwa dakika moja."

Yapo yasiyonipendeza. Ripoti ilichelewa, nikalazimika kupiga simu mara kwa mara. Ilipokuja ilikuwa ya Kiingereza, imejaa vifupisho, wakati mwenye kuihitaji ni mama mzee asiyesoma lugha hiyo. Nilimwomba aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja kitu gani ni hatari sasa hivi na kipi kinaweza kusubiri, akaandika vizuri sana. Inashangaza kuwa si desturi yao. Kwenye ripoti pia alikiri kuwa hakuweza kuingia dari la jiko la nje. Kwa hilo namsifia, kwa sababu kuna wanaoandika "salama" mahali ambapo hawakufika.

Marekebisho yalifanywa na fundi mwingine mwenye leseni: waya mpya wa hita na breka inayolingana nao, rodi na kibano kipya, RCD, na nyaya za nyuma zikapitishwa kwenye paipu. Mkandarasi alirudi kwa ada ndogo kupima tena. Saketi ya nyuma sasa inasoma zaidi ya megaomu 100, na RCD ilikata ndani ya milisekunde 30. Alimwonyesha Mama kitufe cha kuijaribia, naye huwa anakibonyeza mwenyewe.

Nitamwita tena kwa ajili ya jiko la nje, kabla masika hayajaanza.