MSI B450 Tomahawk MAX: kitufe cha BIOS ni kizuri, ila usikibonyeze ovyo

Mothabodi hii ilitoka 2019, na kikubwa kilichoongezwa juu ya Tomahawk ya 2018 ni chipu ya MB 32 badala ya MB 16 ya kuhifadhia BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Si jambo dogo. Ile ya kwanza ilipotakiwa kuzitambua prosesa za AMD za Ryzen 3000, nafasi ilibana: menyu ikapunguzwa mapambo, na prosesa za zamani za A-Series zikaachwa nje. MAX ilibaki na menyu kamili, na matoleo yake ya baadaye yanaitambua hata Ryzen 7 5800X3D ya 2022.

Je, usasishe BIOS? Kama mashine inawaka vizuri, haigandi na hubadilishi prosesa, toleo jipya lililoandikwa tu kwamba "limeboresha uthabiti" halina haraka. Mothabodi hii haina BIOS ya pili ya akiba, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, haiwaki mpaka uiandike BIOS upya. Sababu za kweli ni chache: prosesa mpya, mwanya wa usalama uliozibwa, RAM inayokataa kasi yake, au hitilafu unayoiona kwa macho. Mfano mzuri ni ule mgando wa sekunde chache, sauti ikikatikakatika, uliowasumbua watumiaji wa Ryzen waliowasha fTPM (sehemu ya prosesa inayotunza funguo za usalama); tiba yake ilikuja 2022 na AGESA 1.2.0.7, msimbo wa AMD unaoingizwa ndani ya BIOS. Hapo unasasisha bila kusita. Usitarajie PCIe 4.0 (njia ya kasi zaidi ya kadi za picha na SSD), maana AMD iliifungia kwenye B450.

Kabla ya kupakua chochote, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome toleo la BIOS ulilonalo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: Tomahawk ya kawaida na MAX zote zina namba MS-7C02. Mafaili ya zip ya MAX huanza na 7C02v3, ya kawaida 7C02v1. Linganisha na jina lililoandikwa kwenye mothabodi yenyewe, usiiamini boksi.

Kompyuta ikiwa inawaka, M-Flash, zana ya kusasisha iliyo ndani ya BIOS, inatosha. Kitufe cha nyuma cha Flash BIOS thamani yake huonekana pale prosesa iliyopo haitambuliki, kwani hakihitaji prosesa wala RAM. Unachohitaji ni pawa saplai iliyochomekwa waya wa pini 24 na ule wa prosesa wa pini 8, pamoja na flashi. Iformati flashi kwa mfumo wa FAT32, ikiwezekana yenye jedwali la MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski). Fungua faili la zip ulilopakua, chukua ndani yake faili linaloanza na E7C02AMS, libadilishe jina zima pamoja na ule mkia wa namba za toleo liwe MSI.ROM, uliweke nje ya folda yoyote. Chomeka flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama ya Flash BIOS, si jingine, kisha bonyeza. Taa itamulikamulika kwa dakika kadhaa. Ikizima yenyewe, kazi imekwisha. Ikimulika mara chache tu ikazima, faili halikusomeka: angalia jina, jaribu flashi nyingine, na zile za zamani za USB 2.0 huwa hazina usumbufu.

Kasoro yake kubwa ni hiyo taa. Haikwambii kosa ni nini, na kwa mothabodi ya hadhi hii ni ubahili.

Kama Windows imefungwa kwa BitLocker (ulinzi unaosimba diski), isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi. Prosesa mpya ikiingia, skrini itauliza kama fTPM ifutwe. Ukibonyeza Y bila kuisimamisha BitLocker na bila ufunguo huo, hufungui diski tena. Baada ya kusasisha, A-XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) huwa imezimwa, na RAM ya 3200 inaweza kurudi 2133 bila wewe kujua. Mipangilio ya kasi ya feni nayo hupotea, na profaili zilizohifadhiwa mara nyingi hazisomeki na toleo jipya, kwa hiyo zipige picha kwa simu kurasa zote za mipangilio kabla hujaanza.