Unga wa Vitamini C, Dawa ya Kufunga Metali na Kisanduku cha Matone: Tathmini Baada ya Kuondoa Madoa ya Kutu Bwawani

Madoa yalianzia kwenye ngazi. Kwanza yalikuwa mabaka mepesi ya rangi ya chai kwenye kipandio cha juu, kisha yakashuka ukutani hadi kuzunguka tundu la maji yanayorudi kutoka kwenye pampu, na baada ya miezi michache sakafu yote ya upande wenye kina kifupi ilikuwa imegeuka kahawia. Bwawa letu la nyumbani lina ujazo wa lita 40,000, limepigwa plasta nyeupe, na hujazwa kwa maji ya kisima. Nilisugua kwa brashi ngumu bila mafanikio, nikaongeza klorini nikidhani kwamba ni rangi ya majani yaliyooza, na kila nilipoiongeza madoa yalizidi kukolea. Hapo ndipo nilipopata vitu vitatu ninavyovitathmini hapa: kisanduku cha kupimia maji kwa matone, unga wa asidi askobiki, yaani vitamini C, na dawa ya majimaji ya kufunga metali ambayo kiambato chake kikuu ni HEDP, kemikali inayoshikamana na metali zilizoyeyuka majini. Nimevitumia kwa msimu mzima. Kimoja kilizidi matarajio yangu, kingine kilifanya kazi nzuri lakini si ile iliyoandikwa kwenye lebo yake, na cha tatu ndicho kilichonionyesha kwamba madoa ya kutu na urari wa maji, yaani uwiano wa kemikali zilizomo majini, ni tatizo moja.

Sababu ya klorini kuzidisha madoa ni rahisi kuieleza. Chuma kilichomo katika maji ya kisima huwa kimeyeyuka kabisa, na maji hayo yakitoka bombani huonekana safi kama maji mengine yoyote. Yanapokutana na klorini, chuma hicho huoksidishwa na kugeuka kutu isiyoyeyuka, ambayo huyapa maji rangi ya kijani au ya kahawia na hatimaye kutua juu ya plasta. Kadiri pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hupanda uasidi unapopungua, inavyopanda ndivyo kutu inavyotua kwa wepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba maji yenye chuma zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita hutia madoa nguo na mabomba. Maji ya kisima chetu, yalipopimwa maabara, yalikuwa na miligramu 1.2.

Kabla ya kumwaga dawa yoyote nilifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mwenye bwawa alifanye, kwa kuwa si kila doa la kahawia ni la chuma. Nilichukua kidonge cha kawaida cha vitamini C, nikakibana dhidi ya doa lililo chini ya maji kwa muda wa dakika moja, na nilipokiondoa palibaki duara jeupe. Doa la majani halibadiliki hivyo. Hilo hufifia kwa klorini. Doa la shaba, ambalo mara nyingi huelekea rangi ya samawati, ya kijani au nyeusi, huhitaji matibabu mengine. Kidonge kimoja kilitosha kunizuia kutumia dawa isiyohusika.

Nianze na kisanduku cha matone, kwa sababu ndicho ningekinunua tena kabla ya vingine vyote. Hapo awali nilikuwa nikitumia karatasi za kupimia ambazo huchovywa majini na kulinganishwa na rangi zilizochapishwa kwenye kopo, na kwa miaka miwili niliridhika nazo. Tofauti ni kubwa mno. Katika kipimo cha klorini, unatia unga katika mililita 10 za maji, maji yanakuwa ya waridi, kisha unadondosha tone moja baada ya jingine huku ukitikisa hadi rangi itoweke ghafla; kila tone ni miligramu 0.5 ya klorini kwa lita. Hakuna kubahatisha kati ya waridi hafifu na waridi hafifu kidogo zaidi. Ukiendelea na chupa inayofuata, sampuli ileile inakupa klorini iliyoungana na uchafu, ambayo isipovuka miligramu 0.5 huna sababu ya wasiwasi. Ualkali wa jumla, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, hupimwa kwa kugeuka kutoka kijani hadi nyekundu, na ugumu wa kalisiamu kwa kugeuka kutoka nyekundu hadi samawati, kila tone likihesabiwa kuwa miligramu 10 kwa lita.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kipimo cha asidi sayanuriki, kemikali inayoikinga klorini dhidi ya jua, humtaka mtumiaji amimine maji yenye ukungu katika mrija hadi alama nyeusi iliyo chini isionekane, na hutegemea sana macho na mwanga. Mimi hukifanya mara mbili nje, jua likiwa mgongoni, na kuchukua wastani. Tena, kipimo cha pH hakiaminiki klorini ikizidi miligramu 10 kwa lita, kwa kuwa klorini nyingi huibadilisha rangi ya kiashiria chenyewe, na maelezo yaliyokuja na kisanduku yanalitaja jambo hilo kwa maandishi madogo sana ilhali lilistahili ukurasa wa kwanza.

Jambo lililonishtua katika vipimo vya siku ya kwanza halikuwa pH wala klorini, bali asidi sayanuriki, ambayo ilikuwa imefika miligramu 90 kwa lita. Vidonge vya klorini nilivyokuwa nikiviweka kwenye kielea kila wiki vina asidi hiyo ndani yake, na kwa kila miligramu 10 za klorini vinazoingiza katika lita ya maji, huacha takriban miligramu 6 za asidi sayanuriki zisizoondoka kwa kuvukizwa na jua wala kwa kuchujwa. Asidi hiyo huikinga klorini dhidi ya jua, na kiasi cha kati ya 30 na 50 kinafaa sana, lakini ikizidi huifanya klorini iwe dhaifu, na dawa yake ya kawaida ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza upya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila mwaka bila kujua ninachojiletea. Kila nilipomwaga nusu ya bwawa na kulijaza kwa lita 20,000 za maji ya kisima, nilikuwa ninaingiza gramu 24 za chuma. Vidonge vilinilazimisha kubadilisha maji, na maji mapya yakaleta kutu. Tangu siku ile natumia klorini ya maji, ambayo haiongezi asidi sayanuriki wala kalisiamu, ingawa inahitaji kutiwa kila siku na haivumilii kuhifadhiwa muda mrefu mahali penye joto.

Sasa unga wa vitamini C. Kazi yake ni kuirudisha kutu katika ile hali yake ya kuyeyuka, ili iachie ukuta na kurudi majini. Klorini na vitamini C haviwezi kukaa pamoja; kwanza huharibiana. Kwa hiyo niliiacha klorini ishuke yenyewe hadi karibu na sifuri, nikateremsha pH hadi 7.2 kwa asidi hidrokloriki, nikatia dawa ya kuua mwani isiyo na shaba ili maji yasiwe kijani wakati hayana ulinzi, kisha pampu ikiwa inazunguka nikanyunyiza gramu 250 za unga juu ya sehemu zenye madoa. Hiyo ni takriban gramu 6 kwa kila lita 1,000. Ndani ya nusu saa ngazi zilikuwa nyeupe. Naandika hivyo bila kutia chumvi: doa lililoshinda brashi kwa miezi mingi liliyeyuka mbele ya macho yetu, na mke wangu aliyekuwa amesimama ukingoni aliniuliza kama nimetia rangi. Jioni niliongeza gramu 200 kwa ajili ya sakafu ya upande wenye kina, na asubuhi iliyofuata hapakuwa na doa lolote.

Uzuri wa unga huu ni upole wake. Wapo wanaomwaga maji yote na kuosha plasta kwa asidi kali, njia ambayo hula uso wa plasta na kuufanya uwe na mikwaruzo inayoshika madoa mapya kwa urahisi zaidi. Vitamini C haikuigusa plasta, haikuacha harufu, na haikutulazimu kumwaga hata tone. Ninaupa sifa zote, kwa sharti kwamba mnunuzi asome kiambato na kuhakikisha kuwa ni asidi askobiki tupu, kwa kuwa vifurushi vingi vinavyouzwa kwa jina la kiondoa madoa ni mchanganyiko wa asidi kadhaa ambao viwango vyake havikutajwa.

Linalohitaji subira ni siku zinazofuata. Vitamini C iliyobaki majini huendelea kuila klorini, na kwa hesabu yake sehemu 2.5 za unga humaliza sehemu 1 ya klorini. Gramu 450 katika lita 40,000 ni zaidi kidogo ya miligramu 11 kwa lita, kwa hiyo miligramu 4.5 hivi za klorini zilitoweka kabla kipimo hakijaanza kuonyesha waridi. Asiyejua hilo atadhani klorini yake ni mbovu, atamwaga nyingi kwa mkupuo, na kutu yote itarudi ukutani kwa siku moja. Mimi niliipandisha kwa dozi ndogo asubuhi na jioni kwa siku tano, nikaishikilia chini kwa majuma mawili, na muda wote huo pH haikuvuka 7.4.

Hapa ndipo dawa ya kufunga metali inapoingia, na hapa ndipo ninapokuwa na malalamiko. Lebo yake ilisema kwamba dawa huondoa chuma bwawani, kauli ambayo si sahihi. HEDP hukikumbatia chuma kilichoyeyuka ili klorini isikipate na kukigeuza kutu. Chuma chenyewe kinabaki majini, gramu kwa gramu. Tena klorini na mwanga wa jua huivunja dawa hiyo polepole na kuacha fosfeti, kwa hiyo lazima iongezwe kila wiki. Mtengenezaji analijua hilo, maana kiasi cha kila wiki kimeandikwa nyuma ya chupa, lakini maneno makubwa ya mbele humfanya mtu aamini kwamba ametibu na kumaliza. Nililithibitisha mwenyewe tuliposafiri kwa majuma matatu na kumwachia jirani kazi ya klorini peke yake. Tuliporudi, kipandio cha juu kilikuwa kimeanza tena kuwa na rangi ya chai. Nilitia dozi ya dawa na gramu 100 za vitamini C, rangi ikaondoka. Kwa kazi ya kuzuia, basi, dawa hii ni ya kutegemewa nami naendelea kuitumia, lakini ningependa mno kuona neno “huondoa” likifutwa kwenye lebo.

Kuhusu urari wa maji baada ya matibabu sina mengi. Ualkali ulikuwa umeshuka kutoka 90 hadi 70 kwa sababu ya asidi, na kwa kuwa gramu 17 za bikaboneti ya sodiamu katika lita 1,000 huupandisha kwa 10, gramu 680 zilitosha kuufikisha 80. Wengi wangependa uwe juu zaidi, lakini ualkali mwingi huisukuma pH ipande, na kwenye maji yenye chuma pH inayopanda ni adui. Naiacha pH kati ya 7.2 na 7.5, na kalisiamu kwenye 300. Ili kujua kama maji hayo yatailinda plasta au kuila, natumia kielezo alichokitoa Wilfred Langelier mwaka 1936, ambacho huunganisha pH, joto, kalisiamu, ualkali na chumvi zilizoyeyuka katika tarakimu moja. Nikiona iko kati ya hasi 0.3 na chanya 0.3, siongezi chochote.

Lililobaki lilikuwa maji ya kujazia, kwa kuwa jua huvukiza maji na kuacha chuma nyuma, na kila ndoo inayofidia huongeza kingine. Chujio la kawaida la bomba lililouzwa kwa ajili ya kazi hii halikusaidia. Hilo hukamata mchanga na matope, si chuma kilichoyeyuka. Sasa natumia tangi la lita 1,000 lililo kando ya bwawa. Nalijaza kwa maji ya kisima, natia klorini, ambayo kwa hesabu ni miligramu 0.64 tu kwa kila miligramu 1 ya chuma lakini mimi huzidisha mara tatu, nayakoroga ili yapate hewa, kisha nayaacha siku mbili. Maji hubadilika kuwa ya rangi ya chungwa siku ya kwanza na kuwa maangavu siku ya pili. Nayavuta kwa juu kupitia sufi ya poliesta niliyoishindilia kwenye kikapu, na kipimo cha chuma cha maji yanayoingia bwawani husoma chini ya 0.1, wakati sufi, ikitolewa, huwa nyekundu kama udongo wa kichuguu.