Boti ya kuangalia matumbawe Msimbati, nendeni

Kwa wale mnaoulizaga kama ile safari ya boti Msimbati inalipa, mi nimeenda jumamosi na shemeji yangu na nasema nendeni. Elfu 35 kwa kichwa, humo kuna boti, miwani ya maji, jaketi okozi na changu wa kuchoma mkirudi ufukweni. Nauli toka Mtwara mjini juu yako.

Kilichonikosha ni lile boya wanalofungia boti. Nanga yake ni bloku ya injini ya lori, iko chini miaka kibao. Nikazamisha uso kuangalia, jamani, chuma chenyewe hukioni! Kimevaa chaza na vitumbawe vidogo kama ngumi ya mtoto, kwenye matundu ya silinda kuna visamaki vinachungulia, pembeni chewa mmoja katulia zake, na kote kuzunguka hapo ni mchanga mtupu.

Kijana anayetuongoza akasema kaka, meli iliyozamishwa ni hivi hivi ila kubwa. Akatusimulia Wamarekani walivyoizamisha Oriskany tarehe 17 Mei 2006 karibu na Pensacola, Florida, manowari ya kubebea ndege yenye zaidi ya mita 270, makusudi kabisa iwe nyumba ya samaki, ikaenda chini kwa dakika 37 hivi na sasa wazamiaji wanasafiri kwenda kuiona. Tumbawe linataka kitu kigumu cha kushika, kwenye mchanga halina pa kukaa, likishashika visamaki vinakuja kujificha na wakubwa wanavifuata.

Nikamuuliza si tutupe tu machuma chakavu yote baharini? Akakataa kwa ukali kidogo na hapo ndo nikamkubali. Meli inasafishwa kwanza, mafuta yatoke, nyaya zenye sumu zitoke, milango itolewe mzamiaji asije akanasia ndani. Huko huko Florida, Fort Lauderdale, miaka ya 70 walimwaga matairi kama milioni 2 wakijua wanatengeneza mwamba, vifungo vikakatika, matairi yakawa yanaburuzwa na mawimbi yanasaga matumbawe ya asili, imebidi watu waanze kuyaopoa upya.

Na meli yenyewe wanaitoboa kwa baruti ndo izame. Hapo nilinyamaza, maana sisi huku baruti tunaijua kwa kazi nyingine, kulipulia samaki. Kituo cha pili alitupeleka mwamba uliopigwa baruti zamani, mapande yamelala kama vigae vya nyumba iliyobomoka, samaki wa kuhesabu. Iliniuma sana, maana samaki wetu wa sokoni walikuwa wanazaliwa hapo.

Marekebisho: miwani niliyopewa mpira umechoka, maji yanaingia, nilibadilishiwa mara mbili, na boti haina kivuli kwahiyo beba kofia. Chagueni siku za maji mafu, yaani bahari haijai wala kupwa sana, maana siku za bamvua, inapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa mkali na maji yanachafuka hamtaona kitu, na kusi likivuma msiende na watoto.

Wana bloku nyingine mbili wamezipanga ufukweni wanataka kuziweka kwenye ule mchanga, wamesema hawazigusi mpaka watu wa hifadhi waruhusu. Moja bado ina grisi. Nimewaambia wakianza kuisugua wanipigie, naenda na brashi yangu.