Ruzuku ya dharura kutoka taasisi ya hisani: nyota nne, ya tano imebaki kwenye dizeli

Mimi ni mtunza stoo wa kambi ya kipindupindu. Mfadhili simpimi kwa hotuba, nampimia kwenye rafu.

Taasisi hii (jina naliweka kando) fomu yao ina kurasa mbili. Tuliituma Jumatatu usiku, Alhamisi fedha zikawa benki. Najua wapo wenye mwendo mkali zaidi: WHO (Shirika la Afya Duniani) wana mfuko wa dharura, ulioundwa 2015 baada ya Ebola ya Afrika Magharibi kuumbua ucheleweshaji wa fedha, na unaweza kutoa hadi dola 500,000 ndani ya saa 24. Lakini huo ni wa kazi za WHO wenyewe. Kwetu sisi wadogo, siku tatu ni mwendo mzuri.

Asiyefanya kazi hii atauliza haraka ya nini. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa kabisa maji mwilini anahitaji kama lita 6 za dripu ndani ya saa 3. Kwa chupa za nusu lita, hizo ni 12, kwa mgonjwa mmoja. Wanaozidiwa wasipotibiwa, hadi nusu yao hufa. Wakiwahiwa, hafi hata mmoja kati ya 100. Ndiyo maana stoo tupu hunikosesha usingizi.

Nyota zao hasa wamezipata wiki ya pili. Tuliomba fedha za dripu, kisha shehena ya dripu ikaingia kutoka kwingine. Nikapiga simu kwa woga: je, fungu lile linaweza kuwalipa wafua mashuka na wachimba vyoo, na kununua klorini? Afisa akajibu, "Andika barua pepe ya mistari mitatu, kazi iendelee." Nilikaa kimya kidogo nikidhani sijasikia vizuri. Ruhusa ya namna hii ni adimu. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, shirika la Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) ilibidi wawarudie wachangiaji wao kuwaomba fedha zilizozidi ziende kwenye majanga mengine.

Linganisha na mfadhili mwingine wa zamani. Aliniletea katoni za dawa zilizobakiza miezi miwili kuisha muda, na maelezo yake yako kwa lugha ambayo hakuna muuguzi wetu aliyeisoma. Miongozo ya WHO inataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mzima mbele yake. Nilizipokea, nikazihesabu, nikazipanga, kisha nikaandika ripoti ya kuziteketeza. Naye akaomba picha za makabidhiano!

Sasa lawama. Hawa wa kurasa mbili hawalipii dizeli. Wanaiita gharama za uendeshaji. Boza la maji linaendeshwa kwa nini, sala? Tukawa tunakopa mafuta huku akaunti ina fedha. Pili, siku ya 90 wanafunga hesabu hata kama choo kimefika kwenye linta. Wagonjwa wapya walikuwa bado wanaingia, na chetu kikabaki bila paa.

Nitawaomba tena? Ndiyo. Fomu ya msimu ujao wa mvua ipo kwenye kompyuta ya stoo, nimeijaza nusu. Mstari wa kwanza nimeandika dizeli.